Sufuria Yangu na Tumbo la Mama Mwalimu

Ninaandika kwa ajili ya yule anayempikia mgonjwa huku nyumba nzima ikiikodolea macho sufuria yake. Kama hayajakupata, mshukuru Mungu, lakini soma tu, maana hakuna ajuaye ataolewa wapi. Mambo ya ini waulize madaktari. Mimi ninayoyajua ni benchi la hospitali, kuni mbichi, shuka za kufua, na macho ya watu.

Mgonjwa alikuwa mama mkwe wangu. Hapa Baraka, mji wetu wa kando ya Ziwa Tanganyika, walimwita Mama Mwalimu, ingawa hakuwahi kufundisha katika shule yoyote ya serikali. Alifundisha kanisani: watoto kila Jumapili kabla ya ibada, na watu wazima waliokuwa wakijiandaa kubatizwa ziwani. Hakumchapa mtoto hata mara moja. Mtoto akisema uongo, alimsimamisha mbele na kumwambia asimulie tena, polepole, halafu tena, mpaka ule uongo umchoke mwenyewe. Nimeona wanaume wenye ndevu wakibadilisha njia ili wasikutane na maswali yake.

Mume wake, Papa Asukulu, alikuwa mvuvi mpaka macho yalipomharibikia. Tangu hapo Mama alimsomea Biblia kila jioni kabla ya kula. Ugali ungeweza kupoa, samaki wangeweza kuliwa na paka, hakuna aliyethubutu kuwakatiza. Alimlea mume, akalea watoto wake na wa wengine, na bado Jumapili alifika kanisani wa kwanza akiwa na ufunguo.

Mimi naitwa Goreti. Wazazi wangu ni wakimbizi kutoka Burundi, na nimekulia kambini. Mtu aliyekulia kambini hujifunza mapema kutazama mikono ya anayegawa kuliko mdomo wake, kwa hiyo sijifanyi mwepesi wa kuamini watu. Yosua aliponioa, baadhi ya ndugu zake walinung'unika kwamba ameokota mtu wa nje. Jumapili ya kwanza Mama alinishika mkono, akanikalisha benchi la mbele, akawageukia wanawake wenzake: "Huyu njo mutoto yangu. Mwenye iko na neno, aniambie miye, asimuambie yeye." Wale wanawake sikuwaamini, ila yeye nilimwamini.

Ugonjwa ulianza wakati wa mvua. Mimi ndiye niliyefua nguo zake, kwa hiyo niliona kabla ya wengine. Mikono ilikuwa inakonda na tumbo linajaa. Kikwembe alichozoea kukizungusha kiunoni mara mbili kikawa hakifiki, akaanza kukifunga kwa kamba. Sokoni wanawake walimtania, "Mama Mwalimu, uko na mimba ya Sara?" Naye alicheka na kuwajibu kwamba Abrahamu wake hajaona malaika yeyote bado. Mimi sikucheka. Nilimwambia twende hospitali, akasema kwanza amalize darasa la ubatizo.

Siku ya ubatizo ilipofika, watu walitoka ziwani wakaja kula kwetu. Nilipika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese, na samaki wa mikebuka. Mama alikula kidogo. Jioni ile alitapika, na asubuhi macho yake yalikuwa ya njano. Kanisa zima lilikula sufuria ileile bila mtu hata kuumwa kichwa, lakini jambo hilo halikumsaidia yeyote kufikiri.

Huku kwetu mtu akivimba tumbo na kukonda, neno la kwanza kutajwa ni karuho. Wanasema ni sumu inayowekwa ndani ya chakula au kinywaji, ikakaa tumboni kimya, ikikula taratibu. Ndiyo maana mwenyeji anayekukaribisha hunywa kidogo kwanza, na chupa hufunguliwa mbele ya macho yako. Ni adabu ya kawaida na hakuna anayekasirika. Ila adabu hiyo ikigeuzwa kuwa ya mtu mmoja tu, inauma.

Wifi yangu Wabiwa, binti mkubwa wa Mama, aliolewa Nundu. Alifika kwa pikipiki, tope la njiani limekauka usoni. Mama alikuwa amelazwa, mimi niko uani hospitalini napuliza moto. Hakunisalimia.

"Siku ile ya ubatizo, nani alipika?"

"Ni miye, wifi."

"Weye peke?"

"Miye peke."

"Haya," akasema. Tangu siku hiyo nalichukia hilo neno.

Benchi la kungojea daktari ni refu na limesagwa na makalio ya watu mpaka linateleza. Tulipoketi pale mimi na Mama, mwanamke mmoja wa mtaa wetu alikuwa ameweka kikapu chake kati yake na sisi. Alikiinua, akakihamishia upande wa pili. Labda alitaka kutupisha tu. Mpaka leo sijui, na mpaka leo nikipita kwake namwangalia kikapu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alilibonyeza tumbo, akamlaza kwenye mashine, akasema ini limeharibika kwa muda mrefu, si kwa sahani moja. Aliyasema hayo mbele ya Wabiwa. Wabiwa alisubiri atoke.

"Mashini haionake karuho," akaniambia. "Docteur alisoma mu vitabu ya Bazungu. Karuho haiko mule."

Wakamtoboa Mama ubavuni na maji yakaanza kutiririka kwenye ndoo, ya rangi ya chai hafifu. Sikujua mtu anaweza kubeba maji mengi namna ile. Yeye mwenyewe aliitazama ndoo, akasema, "Kumbe niko kisima. Mungewaita bamama ba mutaa bakuye kuvuta." Usiku ule alilala kwa ubavu, jambo ambalo alikuwa amelisahau. Tangu hapo sikuhesabu tena miezi. Nilisema: kabla ya maji ya kwanza, baada ya maji ya pili. Mwenye mgonjwa wa tumbo atanielewa. Siku chache baada ya kutolewa maji mgonjwa ni mtu tena, anasuka nywele, anauliza habari za majirani. Zitumieni hizo siku vizuri.

Kuonja kulianzia hospitalini. Nilileta uji kutoka kwenye moto, Wabiwa akasimama mlangoni. "Onja." Nikaonja kijiko kimoja. "Tena." Nikaonja. Halafu tukangoja. Alitaka kuona kama nitaanguka, au kama nitakimbilia nje kutema. Uji ulifanya ngozi juu, ukapoa, ndipo ukamfikia Mama. Ikawa hivyo kwa kila chakula, mbele ya wagonjwa wengine na waangalizi wao. Habari zikatembea. Pale kwenye jiko la pamoja tulizoea kuazimana chumvi na kaa la moto. Nilipoomba moto, waliniambia nichukue tu mwenyewe, wakageuzia sufuria zao upande wa pili.

Wasiwasi huambukiza kuliko kipindupindu. Nilianza kumchunguza kila mtu. Wabiwa nilimshuku kwamba anataka nyumba ya wazazi iliyo karibu na ziwa. Muuguzi mmoja nilimshuku kwa sababu alikuwa anapiga filimbi wakati wa kutoa dawa. Mwalimu mwenzake Mama alimletea ndizi mbivu, mimi nikazipeleka kimyakimya kwa mbuzi wa jirani wa hospitali, nikamchungulia mpaka jioni. Mbuzi alinenepa. Mwisho nilianza kuishuku chumvi yangu mwenyewe: labda mtu aliingia jikoni siku ya ubatizo? Labda ni kweli sumu ilitoka mkononi mwangu bila mimi kujua? Nilinusa pakiti ya chumvi kama mwendawazimu. Ukifika hapo, dada yangu, tafuta mtu wa kuzungumza naye, maana sumu iliyobaki ni hiyo.

Na Papa Asukulu? Yeye aliacha kula kwangu. Nilimwekea sahani, akaisukuma, akatoka na kipande cha muhogo alichochoma mwenyewe. Hilo liliniumiza kuliko maneno yote ya Wabiwa.

Kiangazi kikaingia. Vumbi lilijaa kwenye majani ya migomba, na ziwa likawa na mawimbi. Siku moja nilitoka kufua shuka, niliporudi nikakuta kitanda kitupu. Mgonjwa wa kitanda cha pili alininong'oneza kwamba Wabiwa na baba mdogo wake wamempeleka Mama kwa mtu anayetapisha, njia ya kwenda Nundu. Nilipanda pikipiki na shuka zangu mbichi mkononi.

Niliwakuta uani kwa mganga. Mama amekalishwa chini, kikombe cha dawa ya majani kimeshamalizika, beseni liko mbele yake. Alitapika kitu cha kijani. Mganga alikichokoa kwa kijiti, akawaonyesha: "Muone, karuho inaanza kutoka." Kisha Mama alitapika damu. Haikuwa kidogo. Mganga bado alikuwa anaonyesha kwa kijiti chake, akasema hiyo ndiyo mizizi yake. Wabiwa ndiye aliyepiga kelele wa kwanza: "Basi! Basi! Munaniulia mama!"

Tulimrudisha kwa pikipiki, Mama katikati, Wabiwa nyuma amemkumbatia, mimi nikifuata kwa nyingine. Damu ilikuwa imemchafua Wabiwa kifuani. Hospitalini daktari alifoka, halafu akaacha kufoka, akaanza kukimbia. Walimwongezea damu. Alinusurika siku ile. Kwa hiyo nakuambia wewe uliye na mgonjwa mwenye tumbo la maji: usimruhusu mtu amtapishe, hata akiwa ndugu, hata akiwa anakulilia. Kosa hilo tunalifanya kwa upendo, na watu wanakufa nalo.

Nilidhani baada ya hapo mambo yangekwisha. Wapi! Wabiwa alilia siku mbili, kisha akasema karuho imetoka nusu tu, kwa sababu nimewakatiza.

Yosua, mume wangu, aliitwa kutoka kwenye machimbo ya dhahabu. Ukoo ukaketi. Mimi niliwekwa nje, lakini nyumba yetu ni ya mbao, na mbao husikia pande mbili. Baba mdogo alisema wazi: "Mama akikufa, Goreti arudie kwabo. Batoto babakie. Batoto njo ba ukoo." Nilingoja kumsikia Yosua. Nilingoja sana. Akasema tu, "Tungoye kwanza." Nilipoingia baadaye alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nina watoto wawili, Asifiwe na mdogo wake. Tangu jioni ile nilijua kwamba uhai wa Mama na malezi ya watoto wangu vimefungwa kamba moja. Nilimwombea apone, na ndani ya maombi yale nilikuwa najiombea mwenyewe. Nadhani Mungu aliyasikia yote mawili na kuyatenganisha kwa namna yake.

Baada ya maji ya tatu daktari alituita kando. Alisema maji yatakuwa yanarudi haraka, na kwamba nyumbani ni pazuri kuliko pale. Tulimrudisha. Watoto wa darasa lake walikuja Jumapili wakasimama dirishani kumwimbia. Ubeti wa pili waliukosea. Tulidhani amelala, tukasikia sauti kutoka kitandani: "Rudieni. Hapo munakimbia." Wakarudia.

Wiki hiyo wanawake wa kanisa walikuja kumwombea. Chumba kilijaa, wengine wamekaa kwenye mikeka. Baada ya maombi nilileta uji, ukifuka. Wabiwa, mbele yao wote, akasema, "Onja." Nikainua kijiko.

"Weka," Mama akasema.

Nikaweka.

"Wabiwa, simama."

Wabiwa, mwanamke mwenye watoto watano, alisimama kama yuko darasani.

"Sema. Goreti alinifanya nini?"

"Mama, tusiongee ile mbele ya batu."

"Mbele ya batu njo munamuonjesha. Sema."

"Alikupatia karuho."

"Siku gani?"

"Siku ya ubatizo. Mu sombe."

"Na kikwembe yangu ilianza kukatala kufunga siku gani? Weye ulikuya kutusalimia kabla ya ubatizo. Uliniuliza nini?"

Wabiwa alivuta ncha ya kikwembe chake.

"Uliniuliza nini, Wabiwa?"

"Nilikuuliza juu ya nini unafunga na kamba."

"Sasa sema tena. Polepole. Karuho iliingia siku gani?"

Wabiwa aliketi. Mama akaninyooshea mkono. Nilimpa bakuli mwenyewe. Alikunywa funda la kwanza, akakunja uso, akagusa mdomo wake.

"Inanichoma," akasema. "Aksanti, mwanangu. Ni siku mingi sijakunywa uji ya moto."

Nililia hapohapo, sikuona aibu. Wanawake wengine walilia pia, ingawa baadhi yao nilikuwa na hakika walikuwa wamenisema vibaya jikoni hospitalini. Machozi ya watu sijui kuyapima.

Mvua ziliporudi alikuwa hawezi kuketi. Miguu ilivimba, ngozi yake ikawa inang'aa na kumwasha, nami nilimkuna kwa kitambaa kilicholowekwa. Papa Asukulu alihamishia kiti chake kando ya kitanda. Jioni ya kwanza nilimsikia anazungumza, nikadhani wanateta. Nikachungulia. Alikuwa anamtamkia Biblia. Mzee asiyeona, aliyesomewa miaka yote ile, kumbe alikuwa ameyashika. Alipokosea, Mama aliinua kidole kutoka kwenye shuka, naye akarudi nyuma na kuanza tena.

Siku hiyohiyo nilijipa moyo nikamuuliza kwa nini aliacha kula chakula changu. Alishangaa kabisa. "Goreti, nilikuwa siwezi kumeza wakati yeye hakule. Muhogo nilibeba tu juu musinisumbue." Nusu ya mwaka nilikuwa nimemhukumu mzee wa watu kwa kipande cha muhogo.

Mama alikufa asubuhi, watoto wakiwa wameshakwenda shule. Nilikuwa nimemgeuza tu. Sitaandika zaidi juu ya hapo.

Matangani wanawake wa ukoo waliniambia, "Pumuzika, Goreti, umechoka." Wenye nia njema walisema hivyo, na wenye nia nyingine walisema hivyohivyo. Kila nilipokaribia jiko, mtu alinitolea kiti. Nilikaa nikitazama wengine wakipika kwa sufuria zangu. Baada ya kuzika, ukoo ukaketi tena, safari hii nikiwa ndani. Papa Asukulu alisema maneno mawili tu: "Goreti anabakia." Baba mdogo hakubishana na mfiwa. Akasema, "Tutaona."

Na hiyo "tutaona" ndiyo niliyoishi nayo mvua zote zile. Asifiwe alipopata malaria, nilimkimbiza kituo cha afya huku nikiwaza watu watasema nini kuliko nilivyowaza homa yenyewe. Darasa la watoto la kanisani waliniomba nilishike kwa muda. Wazazi wengine waliwaleta watoto wao, wengine wakaanza kuchelewa mpaka darasa liishe. Niliwajua wote kwa majina. Yosua alirudi machimboni. Aliniomba radhi kwa ule ukimya wake, nami nimempokea, ingawa bado namwangalia anapotazama viatu.

Karibu na shule kufunguliwa, pikipiki ilisimama mlangoni kwetu. Alikuwa Wabiwa. Hatukuwa tumeonana tangu matanga. Alishuka na binti yake wa mwisho, Neema, mtoto wa miaka saba hivi, na mfuko wa nguo na godoro dogo lililokunjwa. Nilijiuliza ni mtego gani huu.

"Atasomea hapa Baraka," Wabiwa akasema, bila kuketi. "Atakaa kwako. Atakula kwako, atalala na batoto yako."

Hapa kwetu mtu hampeleki mtoto wake kula kwenye nyumba ambayo amewahi kuitaja kwa jina lile la karuho. Nilimwangalia usoni, nikitafuta kilichofichwa. Aliendelea kutazama mfuko.

"Mama aliniomba ile siku bamama ba kanisa balikuwa bameenda," akasema. "Aliniambia, mutoto huyu umupeleke kwa Goreti. Nilikatala. Nimekatala mpaka juzi."

"Wifi," nikasema, "niambie ukweli. Ungali unanishuku?"

Alifikiri. Nashukuru kwamba alifikiri, hakunirushia jibu la adabu.

"Ndiyo," akasema. "Mara ingine. Nikikumbuka ile damu, ninakushuku."

"Na unaniachia mutoto?"

Alimsukuma Neema taratibu kwa bega, mpaka mtoto akawa upande wangu wa kizingiti.

"Miye njo ninakushuku," akasema. "Mama hakukushukuaka. Na mama hakunidanganyaka hata siku moya."

Akapanda pikipiki, akaenda zake Nundu.